Bakuli lililotangulia chai: Kwa nini vyombo vya kale vya Kichina husakwa kwa udi na uvumba

NI vigumu kuzunguka katika soko la Noonkopir, kitovu cha mji wa Kitengela katika Kaunti ya Kajiado, bila kukutana na bakuli lililotengenezwa Uchina. Huwa yamepangwa juu ya turubai kando ya sufuria na chupa za chai, mengine meupe yenye maua ya samawati, mengine meusi yanayong'aa kama ngozi ya jongoo. Mteja huchukua moja, hulipindua, huligonga kwa ukucha kusikia mlio wake, huomba apunguziwe bei, kisha huondoka nalo likiwa limeviringishwa ndani ya gazeti kuukuu. Likivunjika, atanunua jingine juma lijalo.

Mnamo Septemba 15, 2016, bakuli jingine la Kichina, nalo jeusi, liliuzwa katika mnada wa kampuni ya Christie's jijini New York, Marekani. Kipenyo chake ni sentimita 12 hivi, yaani linatosha kabisa katika viganja viwili vilivyokutanishwa. Lilikuwa limefinyangwa kwa ajili ya kunywea chai zaidi ya miaka 700 iliyopita. Mnunuzi alilipa dola milioni 11.7, karibu Sh1.2 bilioni kwa thamani ya fedha ya wakati huo.

Mabakuli yote mawili ni udongo uliopikwa na kupakwa ngozi ya kioo. Yote yametoka nchi moja. Nini basi kinachoyatenganisha hata moja likauzwa kwa bei isiyofikia ya kilo ya nyama na jingine kwa bei ya jumba la ghorofa nyingi? Jibu la haraka ni umri, lakini jibu hilo halitoshi, kwani kuna vyombo vya kale kuliko hilo la New York ambavyo havina mnunuzi. Na kwa Mkenya swali hili si la kujiburudisha tu. Vipande vya vyombo vya namna hii vimelala ardhini katika pwani ya Kenya tangu karne ya tisa, na wapo wanaovinyemelea.

Udongo, jivu na moto

Chungu cha kawaida cha kupikia huchomwa kwa moto wa kuni ulio wazi, ambao kwa kawaida haufikii joto la nyuzi 1,000. Udongo wake hubaki na vitundu vidogo vidogo. Ndiyo maana mtungi hutokwa na jasho na kuyapoza maji. Kaure, kwa upande mwingine, hutengenezwa kwa udongo mweupe ulio safi, ukachomwa kwa moto mkali hadi ukaweza kupitisha mwanga. Kati ya hivyo viwili kuna aina ya tatu, ambayo ndiyo kiini cha makala haya: udongo wa rangi, mara nyingi wenye chuma ndani yake, uliochomwa kwa joto linalozidi nyuzi 1,200 hadi chembe zake zikashikana kama jiwe. Chombo cha namna hii hakinywi maji hata kisipopakwa kitu. Watu wengi huviita vyote kaure, na muuzaji wa sokoni hana lawama kwa hilo, lakini mkusanyaji hutofautisha.

Juu ya udongo huo mgumu ndipo hupakwa ile ngozi inayong'aa. Wakazi wa Kitengela wana njia rahisi ya kuielewa kuliko watu wengine, kwa kuwa eneo lao lina karakana zinazojulikana kwa kuyeyusha vioo vikuukuu na kuvifanya bilauri na vito. Kioo ni mchanga ulioyeyuka. Lakini mchanga peke yake hauyeyuki hadi joto lifikie karibu nyuzi 1,700, joto ambalo majoko ya kale hayakuliweza. Unahitaji kitu cha kuulainisha, na kitu hicho katika viwanda vya vioo ni magadi, yale yale yanayochimbwa katika Ziwa Magadi, papo hapo Kajiado, ambako kampuni ya kuyachimba ilianzishwa mwaka 1911. Wafinyanzi wa Uchina hawakuwa na Ziwa Magadi. Wao walitumia jivu la kuni na chokaa, wakachanganya na udongo laini na maji hadi ukawa uji, wakachovya bakuli humo, kisha wakalitia jokoni. Uji ule uligeuka kioo na kung'ang'ania udongo. Kanuni ni ile ile inayotumika katika kiwanda cha vigae vya sakafu cha Twyford, kilichoanzishwa na wawekezaji wa Kichina katika kaunti hiyo hiyo ya Kajiado mwaka 2016.

Rangi ilitokana na chuma. Chuma kidogo, jokoni mkiwa na hewa haba, hutoa kijani kibichi kama cha maji ya bahari yenye kina kifupi. Chuma kingi hutoa hudhurungi na weusi.

Majoko yaliyopata sifa kubwa kwa mabakuli meusi ya chai yalikuwa katika mkoa wa Fujian, kusini mashariki mwa Uchina, katika eneo la Jianyang, enzi ya wafalme wa Song iliyodumu kuanzia mwaka 960 hadi 1279. Joko lenyewe lilijengwa likipanda mlima kama nyoka, na Wachina huliita joko la joka. Baadhi yalizidi urefu wa mita 100. Kila bakuli liliwekwa ndani ya kasha lake la udongo ili jivu na moshi visiliharibu, kisha moto ukawashwa chini ukapanda wenyewe kuelekea kileleni.

Kilichotokea ndani ya makasha hayo hakuna fundi aliyeweza kukiamuru. Ngozi ile nzito ilipochemka, mapovu yalipanda na chuma juu. Mahali pengine chuma kiliganda kikawa vitone vya rangi ya fedha, mithili ya matone ya mafuta juu ya maji. Mahali pengine kilitiririka kuelekea chini kikaacha michirizi myembamba ambayo Wachina waliilinganisha na manyoya ya sungura. Ikiwa moto ulizidi kidogo, ngozi ilitiririka hadi ikaligandisha bakuli na kasha lake. Ukipungua, bakuli lilitoka butu lisilong'aa. Kando ya majoko hayo kuna vilima vizima vya mabakuli yaliyoharibika na kutupwa. Wanasayansi waliochunguza ngozi hizo kwa mitambo ya kisasa walitangaza mwaka 2014 kuwa wamegundua ndani yake aina adimu ya kutu ya chuma, ambayo hata leo ni vigumu kuitengeneza ikiwa safi katika maabara.

Hapo ndipo mvuto wa kwanza ulipo. Hakuna bakuli la Jian lililo pacha wa jingine. Fundi alifinyanga umbo, moto ukaamua mengine yote.

Chai nyeupe katika bakuli jeusi

Weusi wenyewe ulikuwa na sababu. Chai ya enzi ya Song haikuwa majani yaliyochemshwa, sembuse chai ya maziwa na tangawizi. Majani yalikaushwa, yakagandamizwa kuwa keki, yakasagwa yakawa unga. Unga uliwekwa ndani ya bakuli, ukamwagiwa maji ya moto na kupigwapigwa kwa kijifagio cha mwanzi hadi ukatoa povu jeupe. Watu walishindana nani atoe povu zuri lililodumu, na povu jeupe huonekana vyema zaidi juu ya chombo cheusi. Mfalme Huizong, aliyeanza kutawala mwaka 1100 na ambaye alijua uchoraji na chai kuliko alivyojua vita, aliandika kitabu kuhusu chai mnamo 1107 na kuyasifu mabakuli meusi yenye michirizi.

Kisha mtindo ukabadilika. Mwaka 1391 mfalme wa kwanza wa enzi ya Ming aliamuru chai ya keki isiletwe tena kama ushuru wa kasri, iletwe ya majani. Chai ya majani haina povu, na rangi yake huonekana vizuri katika chombo cheupe. Majoko ya Jian yalikuwa yamekwisha kufifia kabla ya hapo. Sasa hata haja ya bakuli jeusi ikatoweka huko kwao.

Yaliponea Japani. Watawa wa Kibudha wa Japani waliokwenda kusoma katika mahekalu ya mlima Tianmu walirudi na mabakuli hayo, na kwa kutamka jina la mlima kwa lugha yao wakayaita tenmoku. Japani iliyashika kwa mikono miwili na haijayaachilia. Matatu kati yake, ambayo vitone vyake vimezungukwa na miali ya buluu na zambarau kama anga ya usiku, yametangazwa kuwa hazina ya taifa la Japani. Moja liko Tokyo, jingine Osaka, na la tatu katika hekalu jijini Kyoto. Nchi iliyoyafinyanga haina hata moja zima la aina hiyo.

Bakuli lililouzwa New York mwaka 2016 lilikuwa limepita mikononi mwa ukoo wa Kuroda, mmoja wa koo za watawala wa kale wa Japani. Jambo hili halikutajwa katika orodha ya mnada kwa bahati tu. Mkusanyaji hanunui udongo peke yake, hununua nasaba. Anataka kujua bakuli lilikuwa kwa nani, nani alilirithi, liliwekwa katika sanduku gani la mbao, nani aliandika juu ya kifuniko cha sanduku hilo. Mfugaji wa Kajiado anayeweza kutaja mama na nyanya wa kila ng'ombe wake hatalishangaa jambo hili.

Hata ufa una nasaba. Katika Makumbusho ya Taifa ya Tokyo kuna bakuli la chai la rangi ya kijani, la karne ya 13, lililotoka majoko ya Longquan katika mkoa wa Zhejiang. Inasimuliwa kuwa katika karne ya 15 mtawala wa Japani, Ashikaga Yoshimasa, aliliona limepasuka, akalituma Uchina akiomba aletewe jingine linalolingana nalo. Jibu lilikuwa kwamba mafundi wa wakati huo hawakuweza tena kutengeneza la namna hiyo. Likarudishwa likiwa limeshonwa kwa vikwamizi vya chuma. Vikwamizi hivyo, vinavyofanana na nzige waliotua, ndivyo vilivyolipa jina lake, na leo linapendwa kwa ajili ya ufa huo huo ambao sokoni Noonkopir ungelifanya litupwe jalalani.

Jina la Longquan lafaa kukumbukwa, maana vyombo vya majoko hayo vilifika Gedi.

Vigae vya pwani

Kiswahili kina neno moja, vigae, kwa vipande vya chombo kilichovunjika na kwa vile vinavyoezekea paa au kutandikwa sakafuni. Kwa wataalamu wa mambo ya kale wa Afrika Mashariki, vigae vya maana ya kwanza ndiyo kalenda yao. Mwingereza Mortimer Wheeler alipozuru pwani ya Tanganyika mwaka 1955 alistaajabishwa na wingi wa vyombo vya Kichina vilivyovunjika kati ya Dar es Salaam na Kilwa, akaona kuwa historia ya pwani hiyo ingeweza kusomwa kwavyo.

Vya kwanza kabisa si kaure. Ni mabakuli ya udongo mgumu yenye ngozi ya kioo, yaliyotengenezwa Changsha, mkoa wa Hunan, katika karne ya tisa. Yana rangi ya manjano iliyofifia na michoro ya hudhurungi na kijani iliyochorwa upesi upesi kwa burashi. Vipande vyake vimepatikana Manda na Shanga katika visiwa vya Lamu, na Unguja Ukuu kule Zanzibar.

Jinsi yalivyosafiri ilijulikana vizuri zaidi mwaka 1998, wavuvi walipogundua mabaki ya jahazi lililozama karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia. Lilikuwa limeshonwa kwa kamba, bila misumari, kama mtepe wa Waswahili. Ndani yake mlikuwa na vyombo takriban 60,000, vingi vikiwa mabakuli ya Changsha, na moja limeandikwa tarehe inayolingana na mwaka 826. Jingine lina maneno ya Kichina yanayolitaja waziwazi kuwa bakuli la chai. Jahazi lilikuwa likielekea magharibi. Shehena kama hizo zilifika bandari za Ghuba kama Siraf, na kutoka huko wafanyabiashara walisubiri pepo za kaskazi ziwasukume hadi Manda.

Hapa kuna jambo la kuchekesha kidogo. Mabakuli haya yalipofika pwani hayakuwa ya chai tena. Yalipakuliwa vyakula na kupamba nyumba. Mche wa chai haukupandwa nchini Kenya hadi mwaka 1903, huko Limuru. Bakuli lilitangulia chai kwa zaidi ya miaka 1,000.

Kadiri miji ya pwani ilivyotajirika, ndivyo vyombo vilivyozidi kuwa bora. Kuanzia karne ya 13 hadi ya 15 kilichotia fora kilikuwa kijani cha Longquan, kisha ikaja kaure ya samawati na nyeupe. James Kirkman, aliyechimbua magofu ya Gedi kuanzia mwaka 1948 hadi 1958, alikuta vyombo hivyo kwa wingi, na nyumba moja ya magofu hayo hadi leo inaitwa Nyumba ya Bakuli la Kaure. Mwaka 2010 wataalamu wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Peking, walianza uchimbuaji Mambrui na Malindi. Walipata vipande vya Longquan pamoja na sarafu ya mfalme Yongle, aliyetawala kuanzia 1402 hadi 1424, mfalme yule yule aliyeletewa twiga kutoka Malindi mwaka 1415.

Waswahili nao walikuwa wakusanyaji, tena wa kweli. Nyumba za matajiri wa Lamu na Pate zilijengwa zikiwa na zidaka, safu za vishubaka vya chokaa vilivyonakshiwa, katika chumba cha ndani kabisa, na humo vyombo vya Kichina viliwekwa vikaonekana. Mtafiti Linda Donley-Reid, aliyewahoji wenyeji wa Lamu, aliandika kwamba vyombo hivyo viliaminika pia kukinga jicho baya. Mwenye mali alipofariki, mabakuli mengine yalipachikwa katika nguzo ya kaburi lake, uso ukitazama nje. Nguzo ya Mambrui ilipambwa hivyo kwa mabakuli ya enzi ya Ming. Vivyo hivyo makaburi ya Kunduchi, karibu na Dar es Salaam.

Katika makaburi mengi ya pwani leo kilichobaki ni matundu ya duara. Mabakuli yaling'olewa.

Thamani inapotelea wapi

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, matajiri wapya wa Uchina walipoanza kununua tena urithi wa mababu zao, bei za vyombo vya kale zimepaa. Mwaka 2014 kikombe kidogo cha kaure chenye picha ya kuku, cha enzi ya mfalme Chenghua, kiliuzwa Hong Kong kwa dola milioni 36 hivi za Marekani. Mnunuzi, bilionea Liu Yiqian wa Shanghai, alipigwa picha akikinywea chai, jambo lililowakera wengi. Mwaka mmoja kabla ya hapo, bakuli jeupe la enzi ya Song lililonunuliwa kwa dola 3 katika uuzaji wa vitu vya nyumbani huko jimbo la New York liliuzwa kwa dola milioni 2.2. Wenyewe walikuwa wameliweka sebuleni bila kujua.

Visa kama hivyo huamsha ndoto, na ndoto huzaa walaghai. Katika Jianyang yenyewe majoko yamefufuliwa, na mafundi wa leo hutengeneza mabakuli meusi yenye michirizi ambayo ni mazuri na ya halali kabisa. Ulaghai huanza pale muuzaji anapoyapaka matope, akayasugua ukingo, akadai yametolewa kaburini. Mihuri ya wafalme chini ya kikombe nayo si ushahidi. Kwa karne nyingi wafinyanzi wa Uchina wamenakili mihuri ya wafalme waliotangulia, wakati mwingine kwa heshima tu.

Mtaalamu hulianza bakuli kwa kulipindua, sawasawa na mama wa sokoni, ila yeye anatafuta mengine. Bakuli la Jian halikupakwa ngozi kwenye kisigino. Udongo wake mweusi unaonekana wazi, mzito na wa kukwaruza, na ngozi imeishia juu yake kwa mkunjo mnene kama nta ya mshumaa. Alama za mikwaruzo ya karne nyingi hazifuati mwelekeo mmoja kama za msasa. Maneno ya Kiingereza yanayoitaja nchi ya Uchina chini ya chombo huashiria kuwa si cha kabla ya miaka ya 1890, kwani ni sheria ya forodha ya Marekani iliyoanza kutumika mwaka 1891 iliyolazimisha bidhaa ziandikwe zilikotoka. Maabara zinaweza kupasha joto chembe ya udongo na kupima mwanga unaotoka, ambao huonyesha muda uliopita tangu chombo kichomwe mara ya mwisho. Lakini hakuna kipimo kinachoweza kueleza chombo kilitoka nyumba gani.

Hilo ndilo linalouma. Chukua kigae kimoja cha Longquan, kidogo kama sarafu. Mnadani hakina bei. Kikiwa chini ya sakafu ya msikiti wa kale, kinasema kwamba sakafu hiyo haiwezi kuwa ya zamani kuliko joko lililokichoma, na kwa hiyo kinaupa msikiti umri. Ndivyo Mark Horton, aliyechimbua Shanga katika miaka ya 1980, alivyoweza kupanga misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine hadi karne ya nane, vigae vikiwa miongoni mwa mashahidi wake. Kigae hicho hicho kikitolewa na mtu aliyechimba usiku, kinageuka takataka nzuri. Hakiwezi kurudishwa mahali pake hata akijuta, kwa kuwa udongo uliokizunguka umekwisha kuvurugwa.

Mzozo huu si wa Kenya pekee. Shehena ya Belitung iliopolewa na kampuni ya kibiashara na kununuliwa na Singapore mwaka 2005 kwa dola milioni 32 hivi za Marekani. Taasisi ya Smithsonian ya Marekani ilipopanga kuionyesha, wanaakiolojia walilalamika kuwa kuopoa kwa haraka kwa ajili ya kuuza kulipoteza habari nyingi, na mwaka 2011 maonyesho hayo yakafutwa. Waliounga mkono walijibu kwamba wasingeharakisha, wezi wangeimaliza. Pande zote mbili zilikuwa na hoja, ingawa shehena hiyo angalau ilibaki pamoja badala ya kutawanywa bakuli moja moja.

Sheria ya Kenya haina utata mkubwa. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inakitambua kuwa kitu cha kale chochote kinachohamishika kilichotengenezwa Kenya, au kilicholetwa Kenya, kabla ya mwaka 1895, mwaka ambao Uingereza ilitangaza himaya yake. Maneno hayo "kilicholetwa" yana uzito. Bakuli la Changsha lilitengenezwa na Mchina, likabebwa na mabaharia wa Ghuba, lakini likiwa liliteremshwa Manda miaka 1,100 iliyopita, ni la Kenya. Vitu vya kale vinavyogunduliwa ardhini ni mali ya serikali. Anayegundua anapaswa kuyaarifu Makavazi ya Kitaifa katika muda wa siku saba, akieleza mahali hasa alipokipata. Kukitoa nchini kunahitaji kibali.

Sheria hiyo haimzuii mkazi wa Noonkopir kuendelea kunywea uji katika bakuli alilorithi kwa nyanya yake aliyeolewa Malindi, wala kupenda mng'aro wake. Akitaka kujua lilivyo, si busara kumtumia picha mnunuzi asiyemjua aliyeko ng'ambo, kwani huyo ana sababu zote za kumwambia halina thamani. Makavazi ya Nairobi hayako mbali kutoka Kitengela. Na aandike kwanza, kwenye karatasi iliyokunjwa na kuwekwa ndani ya bakuli lenyewe, nani alimpa, mwaka gani, na lilikuwa likikaa wapi ndani ya nyumba. Wajapani huandika hayo juu ya kifuniko cha sanduku.

Kwa atakaye kuyaona yale yaliyotoka ardhini, baadhi yamo katika ukumbi wa makumbusho ya Fort Jesus, Mombasa, yaliyofunguliwa mwaka 1960, Kirkman akiwa msimamizi wake wa kwanza. Kuna vyombo vya Gedi, Manda na Ungwana, vingi vikiwa vimeunganishwa kutoka vipande. Gundi inaonekana, na pale kipande kilipokosekana pamezibwa kwa plasta iliyoachwa wazi bila kupakwa rangi ya kudanganya macho.